MKASI WANGU NA SURUALI YA MAREHEMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo sitaanza na kitabu, nitaanza na suruali. Ni ndefu kidogo, lakini naomba uisome mpaka mwisho. Ndani yake kuna kosa langu mwenyewe. Najua tumekatazwa kuyatangaza madhambi ambayo Allah ametusitiri. Ila hili lilikuwa ni haki ya mja, na wenye haki wanalijua lote. Mmoja wao ndiye aliyeniambia, "Ustadh, hiyo nayo kaifundishe." Basi naifundisha.

Wengi mnanifahamu kwa darsa za baada ya Alasiri. Wachache wanajua kwamba riziki yangu inatoka kwenye cherehani ya kukanyaga, Butterfly, pale Mwanjelwa, hapa kwetu Mbeya. Mchana mimi ni fundi. Nashona kanzu na sare za shule, lakini kazi inayoniletea watu wengi zaidi ni kupunguza mitumba. Belo likifunguliwa asubuhi, mchana vijana wamenijia na nguo za watu wenye miili mikubwa kuliko yetu. "Ustadh, nibanie hii." "Ustadh, huku kiunoni naingia mara mbili."

Na katika mitumba yote, hakuna inayompa fundi shida kama suruali nzito ya kazi. Unaijua. Ile ya pamba ngumu kama turubai, rangi ya udongo, magoti yametiwa kitambaa mara mbili, pembeni ya paja kuna kitanzi cha kuning'iniza nyundo. Mara nyingine ina nembo ya Carhartt, kampuni iliyoanzia Detroit, Marekani, mwaka 1889, kwa kuwashonea wafanyakazi. Mishono yake imekunjwa mara mbili na kupigwa nyuzi mbili au tatu. Kwenye pembe za mifuko ya nyingine kuna vile vipande vya shaba. Unajua shaba ile ilifikaje pale? Kulikuwa na fundi cherehani mmoja huko Reno, Nevada, jina lake Jacob Davis, mhamiaji aliyezaliwa Riga. Mke wa mkata kuni alimwendea akitaka suruali ya mumewe ambayo haitachanika mifuko. Yule fundi akagongelea vipande vya shaba pale panapovutwa sana. Mwaka 1873 yeye na Levi Strauss wakapewa hati ya kuumiliki ubunifu ule. Mimi nikiisoma habari hii simtazami yule fundi, namtazama yule mama. Yeye ndiye aliyejua suruali ya mumewe inachanikia wapi. Fundi alichofanya ni kumsikiliza.

Mimi nilipewa mama wa namna hiyo, sikumsikiliza.

Ramadhani ya 2014 iliangukia Julai, katikati ya baridi. Aliyeishi Mbeya anajua, baridi ya Juni na Julai hapa haina masihara. Asubuhi bodaboda wa Uyole wamevaa makoti mawili mawili, na pumzi zinatoka kama moshi. Ilikuwa kumi la mwisho. Ukutani kwangu zilikuwa zimening'inia kanzu za Idi zaidi ya 20, kila moja na mwenyewe anayepita kuuliza. Akaja kijana mwembamba wa miaka 17.

"Shikamoo Ustadh."

"Marahaba, kijana wangu. Lete."

Akatoa suruali kwenye mfuko wa rambo. Nzito, rangi ya udongo, kitanzi cha nyundo kimelainika kwa kutumika. Akasema ni ya mzee wake, alikuwa mfanyakazi wa reli, TAZARA, amefariki mwezi wa tatu. Yeye sasa anajifunza kuchomelea, mageti na madirisha, na suruali aliyonayo inatobolewa na cheche kila siku.

Hapa alikuwa na akili kuliko umri wake. Kwa mtu wa kuchomelea, suruali ya pamba nzito ni kinga. Cheche ikiangukia pamba inaunguza kijitundu na kuzima. Ikiangukia kitambaa cha nailoni, kinayeyuka na kugandia ngozi. Na miguu ikiwa mipana sana, au ikiwa na pindo lililokunjwa kwa nje, cheche zinaingia na kukaa humo. Kwa hiyo alipotaka ibanwe, haukuwa urembo mtupu, ingawa na urembo ulikuwepo, kijana ni kijana. Akanisimulia vizuri kabisa:

"Nipunguzie kiuno na miguu, na urefu. Lakini mama kasema usikate, Ustadh. Kunjia ndani. Kasema nitaongezeka, nimetoka kwenye watu wakubwa."

Nikamwambia, "Hakuna shida."

Ndugu yangu, kumkunjia mtu kitambaa kile ndani ni kazi. Unafumua mshono wa zamani kwa wembe, uzi kwa uzi, bila kugusa kitambaa. Unapofika mahali mishono miwili inapokutana, unakuwa na tabaka sita au nane chini ya sindano. Sindano namba 14 ya kanzu inavunjika hapo kama njiti ya kiberiti. Unatakiwa uweke namba 18, ubadilishe uzi, ulegeze mkazo, ugonge mshono kwa nyundo ulale, upake sabuni kavu, kisha uuvuke ule mlima kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Ukimaliza urudishe kila kitu ili uendelee na kanzu. Na mimi nilikuwa na kanzu za watu ukutani, na Tarawehe usiku.

Nikachukua mkasi.

Kitambaa kile kinapokatwa kina mlio wake, mzito, unausikia mpaka kwenye kiwiko. Nilikata pembeni mwa miguu yote miwili, nje na ndani. Nilikata urefu inchi nne. Nikaacha robo inchi ya mshono, mahali pengine hata robo haifiki. Nikapiga mshono mmoja, nikaulaza kwa pasi ya mkaa ukalala vizuri sana. Kwa nje ungesema imetoka kiwandani.

Kijana alipokuja akaivaa, akajitazama kwenye kile kioo changu kilichovunjika pembe, akatabasamu. Akauliza, "Kitambaa kipo ndani, eeh?"

Nikajibu, "Nimekufanyia kama ulivyosema."

Nilikuwa nimefunga. Nilikuwa na udhu. Na nilipokea elfu tatu yake.

Haikupita Shawwal. Akarudi na sweta amelifunga kiunoni. Alikuwa amechuchumaa anachomelea geti, suruali ikapasuka kwenye msamba, kutoka mbele mpaka nyuma, mbele ya wenzake. Nikaipokea, nikaona mara moja sababu. Nilikuwa nimebana paja kupita kiasi, na ile robo inchi niliyoiacha ilikuwa imechambuka nyuzi, mshono ukakosa pa kushika. Pale msambani ndipo mishono minne inapokutana, na ndipo mwili wote unapovuta mtu anapochuchumaa. Ukipunguza paja bila kuacha nafasi, umeshaandika siku ya kuchanika.

Nikamwambia, "Kitambaa kimechoka, mzee aliivaa sana."

Nikaishona, nikamtoza elfu mbili.

Soma tena hapo. Kosa ni langu, nikalisingizia kitambaa cha marehemu, kisha nikamlipisha yatima gharama ya kulificha. Na jioni nilikaa mbele ya watu nikafundisha Suratul Mutaffifin, wale wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wenzao. Nilipoieleza nilitaja mizani ya wauza nyama na debe la wauza viazi. Futi yangu ya kupimia nguo ilikuwa shingoni.

Miaka mitano ikapita. Mwaka 2019 akaja mtu dukani, mabega yamejaa mlango. Sikumtambua mpaka aliposalimia. Mama yake hakukosea, alikuwa ameongezeka, tena sana. Sasa ana karakana yake ndogo. Suruali ilikuwa mkononi, imefuliwa, imekunjwa.

"Ustadh, mama kanituma. Kasema sasa wakati umefika, unifungulie."

Kabla sijajibu, yeye mwenyewe akaigeuza ndani nje, akaitandaza mezani kwangu. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kutoka pajani mpaka chini. Kisha akanitazama, akasubiri.

Mimi nikasema, "Hee, hii kazi ya zamani, hata sikumbuki."

Akasema, "Basi, Ustadh. Asante." Akaikunja akaondoka.

Usiku ule sikulala. Ukiwa mtu wa kufundisha, elimu yako haikuachi ulale, inakuja kukudai. Ikanijia hadithi ya Mtume, swalallahu alayhi wasallam, alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, na akamkana kila anayeghushi. Nikajiuliza, mshono una tofauti gani na rundo lile? Juu pamepigwa pasi, ndani pana unyevu.

Kisha ikaja fiqhi. Sisi tuliosoma kwa madhehebu ya Shafii tumepita wote kwenye Minhaj ya Imam Nawawi, katika mlango wa kukodi na kuajiri. Ipo pale mas'ala ya fundi nguo, tulikuwa tukiisoma na kuipita haraka. Mtu kampa fundi kitambaa. Fundi kakata joho, anadai ndivyo alivyoambiwa. Mwenye kitambaa anasema, hapana, nilisema kanzu. Kauli iliyo na nguvu ni kwamba mwenye mali anasadikiwa kwa kiapo chake, fundi hapati ujira, na analipa upungufu uliokipata kitambaa. Tazama, hiyo ni pale ambapo wawili wamepishana maneno. Mimi hata kupishana hakukuwepo. Niliambiwa usikate, nikakata. Kwa hiyo ile elfu tatu haikuwa yangu, na ile elfu mbili ya kushonea msamba ndiyo kabisa. Na juu yake nilikuwa nadaiwa thamani ya kitambaa.

Wapo mafundi wanaojitetea kwa ajali. Ajali zipo. Soko la Mwanjelwa lilipoteketea mwaka 2006, nguo za wateja ziliungua na vyerehani vyenyewe. Moto kama ule, ambao hakuna aliyeweza kuuzuia, hata wale wanavyuoni waliowabana mafundi sana katika dhamana, kama wanafunzi wawili wakubwa wa Abu Hanifa, waliuweka kando. Fundi hadaiwi nao. Lakini mkasi sio moto. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Kuna na hili. Kijana yule na mama yake ni Wakristo, kama walivyo majirani zangu wengi hapa Mbeya. Shetani alinijia kwa mlango huo, akanipunguzia uzito. Nikajijibu kwa sira. Mtume alipotoka Makka kuhama, amana zilizokuwa kwake zilikuwa za watu wale wale waliokuwa wakitaka kumuua. Alimwacha Ali, radhiyallahu anhu, nyuma yake azirudishe. Nani alisema zisubiri mpaka wenyewe wasilimu?

Lililobaki ndilo lililonitia jasho. Vile vipande nilivyokata vilikwenda wapi? Nikakumbuka. Kitambaa kizuri kama kile fundi hakitupi. Wiki ile ile ya Idi alikuja mbeba mizigo, hawa wanaoshusha viazi vya Umalila sokoni, suruali yake imekwisha magoti. Zile inchi nne nilizokata chini ya miguu nikaziunga mbili mbili, nikamtilia viraka. Nikamtoza kitambaa na kazi. Mabaki ya nguo ni ya mwenye nguo, ndugu yangu, labda awe ameridhia. Mimi niliuza kitambaa cha marehemu kwa mtu wa tatu, na kitambaa hicho kikawa kinapigia magoti kwenye magunia, Mwanjelwa, mita chache kutoka mezani kwangu, huku mwenyewe anakitafuta ndani ya mshono.

Asubuhi nikaenda kwenye karakana ya yule kijana. Alikuwa anakata nondo kwa grinda, akaizima aliponiona. Nikamwambia yote, kuanzia mkasi mpaka viraka. Nilitarajia ashangae. Hakushangaa.

"Ustadh, mimi nilijua toka 2014. Nilipoifua mara ya kwanza niliigeuza kuianika, nikaona."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ni mtu wa dini. Nilidhani labda mimi ndiye niliyekueleza vibaya."

Wallahi, angenitukana ningeumia kidogo kuliko hivyo.

Nikamuuliza, na juzi je? Akasema, "Mama sikumwambia kamwe, kwa hiyo alipong'ang'ania nirudi kwako, nikaja. Nikaigeuza pale mezani nikasema labda leo atasema mwenyewe." Akawasha tena grinda, kisha akaizima. "Mimi sina neno na wewe. Ila mama kamwambie wewe."

Nilimwomba aniachie suruali kwanza. Nikaanza kutafuta kitambaa. Hii nayo haikuwa ya siku moja. Nilizunguka kwenye mabelo kila yalipofunguliwa, nikilinganisha rangi juani, maana pamba iliyofuliwa miaka mingi haifanani na mpya. Mwisho nikapata suruali ya aina ile ile, imekufa zipu na imetoboka makalioni, lakini miguu mizima. Nikainunua kwa fedha yangu. Nikaifua kwa maji ya moto mara mbili kabla ya kuikata, kwa sababu pamba nzito hurudi, na ukiunga kipande kisichorudi na nguo iliyokwisha kurudi, mfuo wa kwanza tu vitavutana.

Nikafumua mishono ya nje kuanzia kiunoni mpaka chini. Nikaingiza mchirizi wa kitambaa kila upande, upana wa inchi tatu. Mbili za kupanua mguu, na iliyobaki ya kukunjia ndani, ikae humo. Msambani nikatia kipande cha pembe nne kama kishada, ili ile mishono minne isikutane tena nukta moja na mvuto ugawanyike. Chini nikaongeza urefu kwa kuunga kipande kipya, pindo nikalikunja kwa ndani kwa ajili ya cheche. Maungio hayo yanaonekana. Rangi imepishana kidogo na sikujaribu kuificha. Anas, radhiyallahu anhu, alimwona Sayyidna Umar akiwa kiongozi wa Waislamu na viraka vitatu mabegani, kimoja juu ya kingine. Hakuna aliyesema alivificha.

Nilipokuwa nashona ikanijia habari ya Nabii Dawud, alayhi salaam, katika Surat Saba. Allah alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze deraya na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Wafasiri wakaeleza, msumari usiwe mwembamba ukacheza ndani ya pete, wala usiwe mnene ukaipasua. Nilikuwa nimeisoma aya ile miaka na miaka, na sikuwahi kuifikiria nikiwa nachagua sindano. Sindano nyembamba huvunjika, na iliyo nene kupita kiasi hukitoboa kitambaa mistari mpaka kikachanika chenyewe kwenye mshono.

Niseme neno na wewe unayepeleka suruali kwa fundi ibanwe, maana najua wengi mnaonisoma ni vijana. Ifue kwanza. Suruali ya kazi imekatwa pana kwa makusudi, nafasi ile ni ya kuchuchumaa, kupanda ngazi na kubeba. Kiuno kikizidi inchi moja na nusu au mbili, fundi akupunguzie kwenye mshono wa nyuma. Ikizidi hapo atumie na pembeni, la sivyo mifuko ya nyuma itasogeleana mpaka ibusiane. Mguu upunguzwe kwenye mshono ule rahisi, usio na nyuzi mbili. Mwambie aache angalau inchi moja ndani, kila upande. Akikuambia haiwezekani kwa sababu kitambaa ni kizito, basi mpunguzo wenyewe uwe mdogo, usimruhusu akate. Na geuza nguo yako ndani nje kabla ya kulipa. Hujamkosea adabu. Mimi siku hizi namgeuzia mteja mwenyewe.

Na kabla ya mshono wa mwisho namwambia avae, achuchumae hapo hapo dukani. Muislamu namwambia arukuu na asujudu. Wanacheka, wapita njia nao wanacheka, lakini nusu yao wanapoinama wanashika kiuno kwa nyuma wenyewe, na tunalegeza bila hotuba. Uchi wa mwanamume katika sala ni baina ya kitovu na magoti. Suruali ikisitiri rangi ya ngozi, hata ikibana ikachora umbo, sala inasihi kwetu, ila ni kinyume cha lililo bora. Ikifunguka nyuma ukiwa umesujudu, hilo ni jambo jingine, na yule wa safu ya nyuma yako ana haki yake.

Turudi kwa mama.

Nilimpelekea suruali nyumbani kwake, maeneo ya Iyunga, Jumapili baada ya wao kutoka kanisani. Mwanamke mrefu, sauti ya chini. Akanikaribisha ndani, akanipa kiti. Nikasema yote, sikubakisha, na lile la viraka vya mbeba viazi, na lile la kusingizia kitambaa. Nikaweka mezani elfu tano, ile tatu na ile mbili. Nikamwomba radhi.

Hakujibu. Akaichukua suruali, akaigeuza ndani nje, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono, kama mtu anayetafuta punje ya mchanga kwenye mchele. Akapima kile kitambaa kilichobaki ndani kwa ncha ya kidole. Akafika kwenye kitanzi cha nyundo, akakishika muda.

"Hiki hukukigusa."

"Sikukigusa, mama."

Akarudi kukaa. "Huyo mbeba viazi mwache nayo hayo magoti. Mwenyewe angempa." Kisha akatazama zile fedha. "Siku ile ya kupasuka, mwanangu alirudi kutoka Mwanjelwa kwa miguu. Aliingia usiku. Nikamuuliza, akasema daladala zimejaa."

Sikuwa na la kusema. Elfu mbili ile ilikuwa na nauli ndani yake, na mimi sikuwahi kuifikiria safari ile.

Akachukua zile noti zote, akazifunga kwenye pindo la kanga. Nikauliza kama amenisamehe. Akasema, "Ndaga kwa kuileta." Nikauliza tena, maana haki ya mja sio jambo la kuliacha hewani.

Akaikunja suruali ya mumewe mara mbili, akaiweka mapajani, ndipo akaniambia niende nikawafundishe na wengine hiyo habari. Kisha akasema, "Nina sketi yangu ya kupunguza. Nitaileta, tuone."

Nilimwambia karibu, muda wowote. Mpaka naandika haya, hajaileta.